Kipande cha Kijani Ndani ya Mtungi

Kila Jumapili kwa miaka kumi na minne, ibada ilipokwisha na watu kuteremka ukumbini kunywa kahawa, macho ya Oneida Gaither yalikwenda kwanza kwenye rafu iliyo juu ya birika. Pale kulikuwa na mtungi mkubwa wa kioo, wa aina ile ya kutilia achari, umejaa vipande vya kadi za mkopo mpaka shingoni. Claudette Pettway, mke wa mchungaji, alikuwa ameubandika karatasi yenye maneno mawili: TUKO HURU.

Vipande vile vilitoka katika Jumapili ya Mikasi. Ulikuwa mwaka ambao nusu ya mtaa wetu hapa Macon ilikuwa na mabango ya nyumba kunadiwa kwa deni uani, na mchungaji aliwaita waume na wake waje mbele na kadi zao, wazikate mbele za Mungu, waanze upya. Thurman Gaither, kinyozi na shemasi, ndiye aliyetangulia. Alikata kadi nne, moja baada ya nyingine, kwa mkasi wake mwenyewe wa kazini, na kila alipokata kanisa liliitika haleluya. Kisha akampa mkewe mkasi.

Oneida alitoa kadi moja kwenye pochi, akaifunika kwa kiganja, akaikata haraka mara tatu. Watu wakapiga makofi. Mama Pettway akamkumbatia. Hakuna aliyeona kwamba kadi ile ilikuwa ya kijani, na kwamba pembeni yake palichorwa kitabu kilichofunguliwa. Ilikuwa kadi yake ya maktaba.

Kadi yake ya mkopo ilibaki nyumbani, kwenye droo ya cherehani, chini ya kopo la vifungo. Aliipata mwaka wa tisini na tatu, mwaka wake wa pili wa kuchambua barua posta, kwa jina lake mwenyewe, bila saini ya mtu mwingine. Siku ilipofika alimpelekea mama yake aione. Mama yule alipiga deki hospitalini miaka thelathini na mmoja. Wakati mmoja, akiwa mjane mwenye watoto watatu, alikwenda dukani kuomba friji ya kulipa kidogo kidogo, na mwenye duka akamwambia arudi na mwanamume wa kumtilia saini. Alirudi nyumbani na barafu kwenye ndoo. Siku ile alipopewa kadi ya binti yake aishike, aliishika kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika kikombe cha Meza ya Bwana, akasoma jina herufi kwa herufi.

"Wamekuandikia wewe," alisema. "Hawakuuliza mume?"

"Hawakuuliza, mama."

"Basi usiwaache wajute."

Oneida hakuwaacha wajute. Kila mwezi aliweka petroli kwenye gari mara moja kwa kadi ile, na tarehe sita, siku barua ya benki ilipofika kwenye sanduku lake la posta, aliilipa yote. Hakuchelewa hata siku moja. Hakuchelewa wiki ile aliyomzika mama yake, wala mwezi ule aliolazwa kwa nimonia, alipomwomba nesi amnunulie stempu.

Lakini hakupata ujasiri wa kwenda maktaba kuomba kadi nyingine, kwa sababu angeulizwa ile ya kwanza ilikwenda wapi, na Oneida hajui kusema uongo mara mbili kwa jambo moja. Alistaafu, akaanza masomo ya jioni palepale maktaba, Jumanne na Alhamisi, ili amalize shule aliyoiacha akiwa na miaka kumi na sita. Wenzake waliazima vitabu wakaenda navyo nyumbani kwapani. Yeye alisoma vyake palepale kwenye meza ya maktaba mpaka taa zilipoanza kuzimwa, akavirudisha rafuni kwa mkono wake, akaenda zake. Aliona ndiyo adhabu yake, na hakulalamika.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mzee Sills, mwenye jengo lenye duka la kunyolea la Thurman, akafariki. Thurman alikuwa amenyoa humo miaka thelathini na miwili kwa kupeana mkono tu, bila mkataba wa maandishi. Binti wa marehemu anaishi Atlanta, na jengo alilikabidhi kwa kampuni ya kusimamia majengo. Kampuni ikaandika barua: anayetaka kubaki ajaze fomu, mwenye leseni ya kazi ndiye atakayesaini, na alama zake za mikopo, za kuonyesha alivyokopa na kulipa, zitaangaliwa. Mwisho wa mwezi wa tano, asiyepita ahame.

Thurman hakuhangaika. Alivaa suti ya kijivu, akabeba boksi la viatu lililojaa stakabadhi za kodi ya pango, akaenda. Alirudi kabla ya chakula cha mchana. Akaweka boksi mezani, akakaa, hakuvua kofia.

"Enhe?" Oneida aliuliza. Alikuwa jikoni anakatakata sukuma wiki, na mfupa wa nyama iliyokaushwa kwa moshi ulikuwa tayari unachemka.

"Kuna binti pale ana kucha za zambarau, ndefu hivi. Kaandika jina langu kwenye kompyuta. Akaandika tena. Kisha akaniambia, 'Mzee, hakuna kitu.' Nikamwambia, najua, binti yangu, hakuna kitu kibaya, mimi sidaiwi hata senti. Akasema, 'Hapana mzee, hujanielewa. Hakuna kitu chochote. Mfumo haukujui.'"

"Haukujui vipi? Una miaka sitini na minne."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema mfumo unataka kuona mtu kakopa na kalipa. Zile kadi nilizokata zimeshafutika, muda mrefu umepita. Nyumba niliachiwa na baba. Gari nilinunua kwa fedha mkononi. Nikamwonyesha stakabadhi. Akazitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua." Akavua kofia sasa. "Nida, maisha yangu yote nimekataa deni ili niwe mtu safi. Kumbe nimekuwa hewa."

Dukani kwa Thurman maneno yalienea siku hiyohiyo. Mzee Hosea Blunt, anayekuja kunyolewa kila Ijumaa ingawa hana nywele za kutosha, alikaa kitini akaanza.

"Jamani, nasikia tunanyolewa na mzimu!"

"Huu mzimu una wembe shingoni mwako, Hosea. Tulia."

"Nimetulia bwana! Nauliza tu. Mzimu nao unapewa bakshishi?"

Watu walicheka, na Thurman alicheka nao. Lakini Oneida, aliyepita kumletea mkate wa mahindi, alimwona mumewe akifuta kioo kilichokuwa tayari safi, akikifuta polepole, kama mtu anayeaga.

Asubuhi tatu mfululizo Oneida alipiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu njia. Aliomba kwamba binti wa Atlanta alainike moyo, au kampuni ibadilishe sheria. Asubuhi ya tatu, katikati ya maombi, alijikuta anacheka peke yake. "Bwana," alisema, "ninakuomba ufungue mlango wowote ule isipokuwa huu ambao ufunguo wake umo kwenye droo yangu." Akasema amina, akainuka, akafungua droo ya cherehani.

Pamoja na kadi alikuwa ametunza kijitabu cha masharti, chenye maandishi madogo kama mbegu za ufuta. Miaka mingi hakuweza kukisoma akakielewa. Sasa alikaa nacho na kamusi ya shule, mstari kwa mstari, na kwenye ukurasa wa kumi na moja akayapata maneno haya: mwenye kadi anaweza kumwongeza mwenzi wake wa ndoa atumie akaunti ileile, na historia ya akaunti itaandikwa kwenye jina la mwenzi pia. Alipiga simu benki kuhakikisha. Ndiyo mama, wakamwambia, miaka yote thelathini. Tunahitaji tu jina lake na tarehe ya kuzaliwa.

Kwa benki ilikuwa kazi ya dakika tano. Kwa Oneida, iliyobaki ndiyo ilikuwa nzito. Angemwambiaje mtu aliyekata kadi nne mbele za Mungu, akimwamini mke aliyesimama ubavuni mwake? Kila mwaka, siku ya kukumbuka Jumapili ya Mikasi, wao wawili ndio waliosimama kutoa ushuhuda. Akikaa kimya, duka linakwenda. Akisema, huenda Thurman asimtazame tena kwa macho yaleyale.

Jumatatu vinyozi wote wa kwetu hufunga. Thurman alikuwa peke yake dukani, ameanza kupanga chupa za mafuta ndani ya maboksi. Oneida aliingia, akapita moja kwa moja, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Unataka nini hapo?" Thurman aliuliza.

"Wewe husema watu huongea ukweli kwenye kiti hiki. Nifunge kitambaa."

Thurman alimtazama, kisha akamfunga kitambaa shingoni kama mteja. Oneida akaongea na kioo, kwa sababu kwenye kioo ilikuwa rahisi kidogo. Alisema yote: kadi ya maktaba, droo, petroli, tarehe sita, friji ya mama yake. Mikono ya Thurman ilikuwa imeshika mgongo wa kiti, haikusogea.

"Tangu tisini na tatu," alisema hatimaye.

"Tangu tisini na tatu."

"Hujachelewa?"

"Hata siku moja."

"Hata ile nimonia?"

"Nesi alininunulia stempu."

Thurman alizunguka akakaa kwenye benchi la kusubiria, chini ya kalenda. Oneida alingoja hasira. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kigumu zaidi kujibu.

"Kwa hiyo wataandika kwamba mimi nimelipa miaka thelathini," alisema. "Na mimi sikulipa. Nida, mimi ni shemasi. Nitasainije kwa sifa ya kazi ya mtu mwingine?"

Oneida aligeuza kiti kikamkabili.

"Nisikilize, mume wangu. Nilipoolewa nawe nilikuwa binti wa mpiga deki. Wiki ileile nikaingia duka la vitambaa la Bi Rutledge, nikasema mimi ni mke wa Gaither. Bibi yule akaniambia, chukua unachotaka, utalipa Ijumaa, nyinyi kina Gaither ni watu wa kweli. Mimi nilikuwa nimefanya nini? Baba yako ndiye aliyefanya. Babu yako ndiye aliyefanya. Nilikuta jina limeshasafishwa, nikapewa nivae, na sikuona aibu kulivaa. Nilijitahidi tu nisilichafue. Miaka thelathini na tisa nimevaa lako. Huwezi kuvaa langu?"

Kalenda ilipeperuka kidogo kwa upepo wa feni. Thurman aliinama akaviangalia viganja vyake viwili.

"Hiyo kadi itakayokuja yenye jina langu, sitaigusa."

"Nani kakwambia nitakupa? Inakaa kwenye droo. Wewe na kadi? Ulivyo na udhaifu wa viatu!"

Thurman alicheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, akanyanyuka akamfungua kitambaa, akakikung'uta ingawa hakikuwa na unywele hata mmoja.

Kadi ilifika kabla ya Pasaka. Thurman aliishika kwa ncha za vidole, akasoma jina lake, akairudisha. Oneida akaiweka chini ya kopo la vifungo, juu ya ile ya kwake. Mwezi ule akajaza petroli mara moja kama kawaida, akalipa tarehe sita kama kawaida. Safari hii alikwenda posta mchana kweupe, na Thurman ndiye aliyeendesha.

Katikati ya mwezi wa tano walikwenda pamoja kwenye ofisi ya kampuni. Kucha za yule binti sasa zilikuwa za rangi ya machungwa. Aliandika jina, akasubiri, akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Mzee Gaither! Alama mia saba ishirini na nne, umepita! Juzi juzi hukuwepo kabisa. Umetokea wapi?"

"Nimetokea kwa mke wangu," Thurman alijibu.

Hakusema kwa unyonge. Alisema kama mtu anayetaja mji wake wa kuzaliwa. Binti akamtazama Oneida kwa mara ya kwanza, akauliza ni kadi ya tangu lini. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. "Miaka minane kabla sijazaliwa," alisema, "na haijachelewa?" Oneida akanyoosha mgongo kwenye kiti kile cha plastiki. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo lile, kwa sababu hakuna mtu aliyelijua. Thurman akasaini mkataba wa miaka mitano kwa kalamu aliyokwenda nayo kutoka nyumbani.

Jambo moja lilikuwa limebaki, na Oneida hakulikwepa. Jumapili ya pili ya mwezi wa sita ilikuwa ya kumbukumbu. Baada ya ibada watu walikusanyika ukumbini, pai za viazi vitamu zimepangwa mezani, na Mama Pettway akawaita kina Gaither kama kila mwaka. Thurman alianza kunyanyuka. Oneida akamwekea mkono begani.

"Leo nitasema mwenyewe."

Alisimama mbele ya watu waliomfahamu tangu akiwa mchumba.

"Siku ile sikukata kadi ya mkopo," alisema. "Nilikata kadi ya maktaba. Nimewadanganya miaka kumi na minne, na nimemdanganya mume wangu, na naomba mnisamehe kwa uongo huo. Lakini kwa kuitunza kadi siombi msamaha. Sikuwahi kuwa mtumwa wake. Nilimwahidi mama yangu kwamba waliomwamini binti yake hawatajuta, na hawajajuta. Na mwezi uliopita Mungu aliitumia kuokoa duka la mume wangu."

Hakuna aliyeshika uma. Mama Pettway alikwenda kwenye rafu, akauteremsha mtungi, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama, akakunja uso.

"Kadi ya maktaba si ya kijani? Mbona siioni, Dada Oneida?"

"Uzungushe," Thurman alisema kutoka nyuma. "Upande wa ukutani."

Mama Pettway akauzungusha. Pale kwenye kioo, kimejibana wazi kabisa, kilikuwapo kipande cha kijani chenye nusu ya kitabu kilichofunguliwa.

Ukumbi wote ukamgeukia Thurman.

"Mbona mnaniangalia?" alisema. "Mimi ndiye ninayefuta vumbi humu kila Jumamosi. Nikimaliza kuufuta, naurudisha hivyo."

Oneida alihesabu bila kutaka. Jumamosi za miaka kumi na minne. Alimtazama mumewe, na mumewe akakuna sikio kama kijana aliyekamatwa. Ndipo Dada Wilhelmina Oglesby, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akakohoa.

"Kwa kuwa tumeanza," alisema, "niliyokata mimi ilikuwa ile kadi ya punguzo la dukani."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Mama Pettway mwenyewe alilazimika kuuweka mtungi chini.

Walipokuwa wanarudi nyumbani kwa miguu, Oneida aliuliza alichokuwa anakishikilia tangu ukumbini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza."

"Na hukusema."

"Nilikuwa na hasira wiki mbili hivi. Kisha nikaanza kukuangalia. Kila tarehe sita ulirudi kutoka posta unatembea kama malkia. Hakuna barua ya kudai iliyowahi kuja nyumbani. Nikasema, yule mwanamke ana jambo lake na Mungu, na linakwenda sawa. Acha nimfunike tu mpaka aseme."

"Lakini mwezi wa tatu, Thurman! Duka linakwenda, na wewe unajua kadi ninayo!"

"Ningekuombaje kitu nilichojifanya sikijui? Halafu kilikuwa chako. Ilibidi utoe mwenyewe."

Oneida alimshika mkono, na walitembea hivyo mpaka nyumbani, mbele ya baraza zote za nyumba za mtaa.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Thurman alivaa ile suti ya kijivu, akasema wana safari, hakusema ya wapi. Walipofika mlango wa maktaba, Oneida alisimama kidogo akacheka, akamwambia, "Wewe mzee!" Akaingia.

Kwenye kaunta alijaza fomu kwa mwandiko wake wa shule ya jioni, uliopangika mstarini. Mhudumu akauliza kama aliwahi kuwa na kadi. "Niliwahi," Oneida alisema. "Niliikata." Mhudumu hakuuliza kwa nini. Mashine ikatoa kadi mpya, bado ina joto. Siku hizi ni ya bluu. Oneida aliishika kwa mikono miwili, akalisoma jina lake herufi kwa herufi.

Thurman aliegemea kaunta.

"Samahani, binti yangu," alimwambia mhudumu. "Kwenye kadi hii, mume anaweza kuongezwa?"

"Kila mtu huchukua yake, mzee. Ni bure."

"Basi nipe na mimi fomu," Thurman alisema, akavua kofia. "Ila uandike kwenye mfumo wenu kwamba mimi ni wa huyu mama."